Gobole Lililokaa Mkekani Mwako

Mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwa kofi kwamba mdogo hafungui mdomo mbele ya mkubwa kabla ya kumwamkia, na kofi lile bado nalikumbuka.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, stendi ya Nyegezi, hapa ninapokatia tiketi. Basi la asubuhi limeshaondoka na la mchana halijaanza kujaa, kwa hiyo nina nafasi. Nimeamua barua iwe ya wazi, anayetaka aisome, kwa sababu tangu tukuzike habari zako zimezagaa kule nyumbani na kila anayezisimulia anaongeza chumvi. Wapo wanaosema ulikuwa unawatunzia majambazi silaha. Muuza samaki mmoja pale Kisesa aliniuliza, macho makavu kabisa, kama ni kweli uliwahi kuua kiboko kwa risasi. Nilimwambia ndiyo, tena wawili. Nisamehe, alikuwa amenichosha.

Kwa wasiotujua, wewe ni bibi yangu, mama mzaa baba. Babu Masanja alikuwa akiniita mke wake mdogo, na wewe ukaniita mke mwenzako tangu sijaota meno ya pili. Ulilalamika kwa majirani kwamba nimekunyang'anya mume, nami nikakujibu kwamba mume mwenyewe hata muwa hawezi kutafuna, umchukue tu. Babu alipofariki hatukuacha. Utani ukabaki wetu wawili, na nadhani ndio uliotufanya tusichokane.

Ndiyo maana siku ile uliponiambia habari ya mkeka sikushtuka. Ulikuwa umelala, homa imekushika vibaya, mimi nakukanda miguu.

"Mke mwenzangu," ukasema, "nikifa, ule mkeka wa juu uushushe wewe. Usimwachie Ng'wandu."

"Kwani una nini? Umemficha mume mwingine humo?"

"Yupo," ukasema. "Ukimkuta, mrudishe kwao."

Tukacheka wote, wewe ukakohoa, nikakupa maji. Sikuuliza zaidi.

Mkeka wenyewe kila mtu nyumbani aliujua. Uliukalia siku zote za msiba wa babu, na matanga yalipokwisha ukaukunja kwa mikono yako, ukaufunga kwa kamba za katani, ukapanda juu ya kinu kilichopinduliwa na kuuchomeka kwenye kenchi, chini ya bati. Ulituambia mkeka aliokalia mjane haukunjuliwi mpaka siku ya msiba wake yeye mwenyewe. Mwiko huo uliutoa wapi sijui. Shangazi Minza anasema ulitoka nao kwa mama yako. Baba mdogo Ng'wandu, kitinda mimba wako, anasema uliutunga. Safari hii, na ni nadra, namuunga mkono baba mdogo.

Ulipofariki nilikumbuka maneno yako, nikapanda kuushusha. Mkeka ulinizidi uzito, ikabidi shangazi aupokee kwa chini. "Mkeka gani huu?" akasema. Tulikata kamba chumbani kwako, tukakunjua, na ndani kulikuwa na khanga, na ndani ya khanga kulikuwa na gobole.

Lilikuwa tupu, bila baruti. Halikuwa na kutu hata mahali pamoja. Lilinuka mafuta ya nyonyo, na harufu ile ikanikumbusha kwamba kila mwaka, kiangazi kikianza, ulikuwa unatufukuza tutoke ndani kutwa nzima ukisema unapaka kenchi dawa ya mchwa. Kumbe mwiko wa kukunjua mkeka ulikuwa wetu sisi tu.

Mwenye gobole hatukuhitaji kuuliza. Kitako chake kilikuwa kimezungushiwa tyubu ya baiskeli, na kijiji kizima kiliijua tyubu ile. Lilikuwa la Mzee Mafuru.

Wewe ulimfahamu ukiwa mtu mzima na mimi nikiwa mtoto, labda hatukumwona sawa. Kwangu alikuwa Mjita mrefu aliyekuja kuvua upande wetu akakwama kwa sababu ya babu. Walivua pamoja, walikunywa pamoja, na walipogombana walinuniana pamoja, kila mmoja mlangoni kwake, wakiangaliana. Kijijini ni yeye peke yake aliyekuwa na bunduki yenye kibali. Mashamba yetu ya mahindi na mpunga yanashuka mpaka majini, na kiboko akitoka ziwani hana habari na mpaka wa mtu. Basi jioni Mzee Mafuru alikaa ukingoni mwa shamba la aliyemwita, akangoja. Hakuua. Alifyatua hewani mara moja tu, na wale wanyama wakubwa wakageuka kurudi majini wakisukumana. Asubuhi mwenye shamba alimpelekea chakula. Sisi watoto tulimwona mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Yeye na babu walikuwa na ahadi yao: atakayetangulia, mwenzake atampigia mlio mmoja kaburini. Uliwahi kuwauliza, mimi nikiwepo, "Na mkifa pamoja?" Babu akasema mlio utaupiga wewe. Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini.

Babu akatangulia. Msiba ule naukumbuka vipande vipande, moshi wa kuni mbichi, watu wengi kuliko vikombe. Ninachokikumbuka vizuri ni kwamba mlio haukupigwa. Tulirudi kutoka kaburini na watu wazima wakiulizana kwa sauti ya chini Mafuru yuko wapi. Walimkuta nyuma ya kihenge cha mtama amelala fofofo, pombe imemlemea, gobole hana.

Baada ya siku chache zikaja habari kwamba mtumbwi wake ulipinduka na gobole limezama ziwani. Alikwenda mwenyewe polisi kutoa taarifa. Kibali kikafutwa, na msimu ule viboko walikula mahindi yetu mpaka mabua.

Maneno yakaanza hapo. Mtumbwi umepindukaje na ziwa lilikuwa limetulia wiki nzima? Kisha majambazi wakawa wanawavamia wavuvi majini na kuwanyang'anya injini za mitumbwi, na mvuvi mmoja akasema aliona gobole mikononi mwao. Hakusema la nani. Kijiji kikamalizia: Mafuru kauza. Polisi walimwita, wakamhoji, wakamwachia, wakamwita tena. Mkewe alichoka kunyamaziwa kisimani, akarudi kwao Majita. Mwishowe na yeye akahama, akaenda kukaa Mkuyuni kwa binti yake anayeuza ndala na mabeseni sokoni.

Na michembe yako ilianza mwaka uleule, wala hatukuona kama ina uhusiano na lolote. Kila kiangazi ulimenya viazi, ukavikata, ukavianika juu ya jabali nyuma ya nyumba, na vilipokauka mfuko wa kwanza haukuliwa nyumbani. Ulinitwisha mimi. "Peleka kwa Mafuru." Siku moja nilikuuliza kwa nini tunamlisha mtu aliyewaachia viboko shamba letu.

"Kwa sababu ana njaa," ukasema.

"Hata sisi tuna njaa."

"Wewe una njaa ya tumbo tu. Nenda."

Nilikwenda nimenuna. Alipohamia mjini, mfuko ukamfuata. Hata baada ya mimi kupata kazi hapa stendi, ulikuwa unanitumia gunia kwa gari la Kisesa, na ndani yake mfuko wake umefungwa peke yake, fundo lako lile ambalo halifunguki bila kisu. Nilikuwa naupeleka Mkuyuni, namwamkia, anapokea, ananiuliza hali yako, naondoka. Niliamini ni huruma yako tu. Ulikuwa mtu wa huruma, na mpaka leo sisemi hukuwa.

Lakini nilipoliona gobole lile chumbani kwako nilikukasirikia. Nakwambia wazi kwa sababu hatujawahi kufichana. Mtu alivunjiwa nyumba kwa maneno, akahama kijiji, akazeekea uchochoroni Mkuyuni akiitwa muuza silaha, na jibu lake lilikuwa limelala kwenye kenchi juu ya kitanda chako. Gobole ulilipaka mafuta, yeye ukamwachia tope. Nilikulilia kama mjukuu, kisha nikatoka nje nikapiga teke ndoo.

Tulikuwa watatu tuliojua: mimi, shangazi na baba mdogo. Tulitafuta mkeka mwingine haraka, ule tukaukunja tena na mzigo wake, tukakuzika kwa heshima zote. Kesho yake, watu wakiwa nje wanakunywa uji, baba mdogo akafunga mlango.

"Hili ni la kwenda jela," akasema. "Mimi nina watoto wanasoma."

"Tuwaite polisi," nikasema.

"Useme umelitoa wapi? Kwa marehemu? Watamhoji marehemu?" Akainama, akapunguza sauti. "Sikilizeni. Mafuru mwenyewe alisema limezama. Si alisema? Basi tukalizamishe. Leo jioni nakwenda nalo majini, naliachia, kwisha. Hapo hakuna mwongo tena, si yeye wala mama."

Usinicheke, lakini kwa muda mfupi nilimwona ana akili.

"Na Mafuru je?" shangazi akauliza.

"Mafuru ameshazoea."

Neno hilo ndilo lililonisimamisha. Nilimwambia baba mdogo kwamba gobole lina mwenyewe, mwenyewe yuko hai, na kabla hajasema yeye hakuna wa kulipeleka popote. Nikasema naondoka sasa hivi kwenda Mkuyuni. Baba mdogo akaniambia nitangulie tu, nikirudi sitalikuta.

Shangazi Minza hakubishana. Unamjua. Aliuchukua mkeka na kilichokuwa ndani, akaulaza kando ya ukuta, akaukalia, akanyoosha miguu, akajifunika khanga kichwani.

"Nina msiba wa mama yangu," akasema. "Nani ataninyanyua?"

Baba mdogo alisimama pale, akamtazama dada yake, akatazama mlango, akatoka. Mfiwa hanyanyuliwi mkekani, hata baba mdogo analijua hilo. Wakati natafuta viatu vyangu ndipo nilipokuelewa, mke mwenzangu. Siku ya msiba wa babu ulikaa vilevile, na chini yako kilikuwepo kilekile, na watu mia walipita mbele yako kukupa pole.

Mzee Mafuru nilimkuta nyuma ya kibanda cha binti yake, amekaa juu ya ndoo, anapanga ndala jozi jozi kwa kuzipapasa. Macho yamemwishia. Alinitambua kwa mwendo.

"Mke mdogo wa Masanja."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona leo mikono mitupu?"

Nikamwambia umefariki. Alibaki na ndala moja mkononi. Nikamuuliza kama hakupata habari, maana tulitangaza mpaka redioni.

"Nani aniambie mimi?" akasema.

Nilichuchumaa karibu yake nikamweleza habari ya mkeka kwa sauti ndogo. Nilitegemea alie, au akulaani, na angekulaani nisingemzuia. Aliuliza swali moja.

"Lina kutu?"

"Halina."

"Nilijua," akasema. "Yule mama asingeliacha lishike kutu."

Nikamuuliza alijuaje. Akaziweka ndala kando. Akasema siku ya msiba alianza kunywa kabla hakujapambazuka, kwa sababu hakujua atasimamaje kaburini kwa Masanja bila kitu kichwani. Alilijaza gobole baruti mapema; kumbe ni wewe uliyekuja kuitoa. Zaidi ya hapo hakukumbuka lolote. Alipozinduka kesho yake hakuwa nalo, akaogopa. Kusema polisi kwamba alilewa akapoteza bunduki iliyojazwa, kwenye msiba uliojaa watoto, ni jambo gumu kwa mtu aliyezoea kusifiwa. Akasema mtumbwi ulipinduka.

"Baadaye kikanirudia kitu kimoja," akaniambia. "Mkono. Mimi nimesimama mlangoni nayumba, nalo begani, na mtu amekaa chini ananyoosha mkono ananiambia, 'Lete.' Nikampa kama mtoto. Lakini uso siukumbuki. Basi ukaja msimu wa michembe, ukaniletea wewe. Nikakaa nikafikiri. Huyu mama mahindi yake yameliwa na viboko kwa ajili yangu, halafu ananiletea chakula? Ule mkono ukapata uso."

"Sasa kwa nini hukwenda kulichukua?"

"Nilichukue nilipeleke wapi? Nilishaandikisha polisi limezama. Na yeye alikuwa ndani, mjane, haongei na wanaume, alipotoka akakuta nimeshadanganya. Nikionekana nalo nafungwa mimi kwa uongo, na yeye kwa kulificha. Kila mmoja akamwonea huruma mwenzake, tukanyamaza."

Nilimweleza wazo la baba mdogo la kulizamisha. Alicheka mpaka binti yake akachungulia. "Ng'wandu toka zamani anapenda njia ya mkato," akasema. Halafu akaacha kucheka.

"Unajua kule nyumbani wananiitaje?"

Nikaanza kumpangia ndala zilizobaki.

"Kuna watu wamezaliwa nimeshahama, na wao wananiita hivyo hivyo. Sikiliza, mjukuu wangu. Nilikuwa mlevi, hilo langu. Nilidanganya, hilo nalo langu. Lakini sikumuuzia mtu silaha ya kuwatishia wavuvi wenzangu. Nataka nikifa niitwe mlevi na mwongo. Hilo la tatu walitoe."

"Na wakikufunga?"

"Na macho haya? Nitawasumbua wao kuliko wao watakavyonisumbua mimi." Akamwita binti yake amtafutie shati jeupe.

Tulimpigia simu mwenyekiti, naye akawaita polisi. Tulipofika nyumbani gari lao lilikuwa limeshaegeshwa, waombolezaji wote wamesimama, uji unapoa. Shangazi alikuwa bado amekaa. Askari aliyekuja, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwomba anyanyuke mara kadhaa. Shangazi alimwambia hamnyanyukii mtu mpaka amwone mwenye mali. Nilipomwingiza Mzee Mafuru nimemshika mkono, shangazi akafunua khanga usoni, akamtazama kwa muda.

"Ndiye," akasema, akasimama.

Askari akalitoa gobole, akahakikisha ni tupu, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma akailinganisha na aliyoandikiwa. Kisha akamsogezea mzee. Mikono yake haikwenda kwenye mtutu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kitako, kwenye tyubu ile, akaipapasa mpaka mwisho wa fundo.

"Ni lako, mzee?"

"Ni langu."

"Taarifa yako inasema lilizama."

"Nilidanganya. Nililewa kwenye msiba wa rafiki yangu, sikujua nimelipeleka wapi, nikaona aibu. Mama mwenye nyumba hii aliniokoa nisiue mtu."

Askari akamwomba arudie polepole ili aandike. Alirudia kwa sauti kubwa ambayo askari hakuihitaji. Madirisha yote mawili yalikuwa yamejaa vichwa, na mlangoni walisimama watu ambao kwa masikio yangu nimewahi kuwasikia wakisema Mafuru kauza. Mmoja wao, mtu mzima na mvi zake, alitoka kimya akaenda kumletea kiti.

Mzee aliomba jambo moja, apige mlio mmoja kaburini kwa Masanja. Askari akakataa, na alikuwa na haki: mzee hana kibali, hana baruti, haoni. Akaomba basi alishike tu mpaka kaburini. Yule dada akafikiri, akasema sawa, lakini na yeye anashika. Wakaenda hivyo, mzee ameshika kitako, askari ameshika mtutu ameuelekeza juu, na kijiji kizima nyuma yao. Kaburi la babu na lako sasa yako jirani, lake lina nyasi na lako bado udongo mbichi. Mzee Mafuru akaegemeza kitako begani, akavuta pumzi.

"Puuuuu!" akasema kwa mdomo.

Watoto walicheka kwanza. Halafu wakubwa wakacheka, hata askari akageuza uso. Shangazi Minza, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu siku uliyofariki, alikaa chini kwenye nyasi akalia. Mzee alisubiri watu wanyamaze, akamsukumia askari kitako.

"Chukua," akasema.

Gobole limebaki kituoni. Mzee alikwenda nao, akaandika maelezo mapya, akagombezwa kama mtoto, akarudishwa jioni ileile. Kibali kingine hatapewa na wala hakukiomba. Lakini sasa hata kwenye maandishi yao ni gobole la Mafuru lililopatikana, na mwenyewe amelishika mbele za watu. Ulisema yule mume wa mkekani nimrudishe kwao. Nimemrudisha, ingawa alikaa kwao muda mfupi sana.

Kuna neno moja bado sijakwambia. Nilipokuwa namrudisha Mkuyuni bado nilikuwa na hasira, sasa zimegawanyika, nusu kwako nusu kwake. Nikamwambia, "Babu, kwenda polisi hukuweza, nakubali. Lakini ungemtumia hata salamu kupitia kwangu. Ungemwambia unajua. Angekufa mwepesi."

Alikunja mikono ya shati lake jeupe.

"Ningemwambia najua," akasema, "angeacha kuleta michembe."

Sikuelewa. Akanifafanulia kama anayemfafanulia mtu mgeni.

"Angeona yamekwisha, tumesameheana, basi. Na mimi tangu nihame, kule nyumbani hakuna mwingine aliyenikumbuka hata kwa punje ya mtama. Mwaka mzima nasubiri mlango ugongwe, niambiwe wametoka kwa mke wa Masanja. Kwa nini niyaharibu mwenyewe?"

Mke mwenzangu, hasira zangu zimepungua, hazijaisha. Naamini ungeweza kupata njia, mtu mwenye akili ya kutunga mwiko mzima kwa ajili ya mkeka. Nakukumbuka sana. Nikikata tiketi ya mtu wa Kisesa bado naangalia kama amebeba gunia.

Na jana gunia limekuja kweli. Viazi vya mwaka huu vimekubali, shangazi amevianika kwenye jabali lako, na amejaribu kuiga fundo lako, lakini lake linafunguka. Mfuko wa kwanza uko hapa chini ya meza, miguu yangu inaugusa. Jumapili naupeleka Mkuyuni. Najua ataniuliza huu ni wa nini tena, maana gobole lake ameshaliona. Nitamjibu ulivyonijibu mimi, kwamba ana njaa.

Abiria wa mchana wameanza kuja, niache niwakatie tiketi. Lala salama. Msalimie mume wetu, mwambie mlio aliokuwa anaungoja umeshapigwa, kwa mdomo.

Mke mwenzako mdogo,
Stendi, Nyegezi.